Kanvasi za ukutani nilizotengeneza mwenyewe Moshi: kilichoshika na kilichobanduka

Mama alipomaliza kupiga rangi nyumba yake kule Kibosho, ukuta unaotazamana na mlango wa sebule ulibaki mtupu. Akaniambia nimtafutie picha mjini. Nilizunguka, nikaona za maporomoko ya maji na za farasi wanaokimbia, nikarudi mikono mitupu, maana hakuna hata moja iliyokuwa na kitu cha nyumba ile. Ndipo nikaamua kumtengenezea mwenyewe: picha ya mchanganyiko, yaani rangi, karatasi, kitambaa na kamba, vyote juu ya kanvasi moja. Tangu hapo nimetengeneza nne. Naandika haya kwa anayetaka kuanza akiwa hapa Moshi au Arusha, kwa sababu nilipoteza pesa na miezi kadhaa kwa mambo ambayo mtu anayejua angenieleza kwa dakika kumi.

Nilianza na seti ya dukani. Duka moja la vifaa vya shule na ofisi liliniuzia kanvasi mbili za sentimita 40 kwa 50, tyubu 12 za rangi ya akriliki na brashi sita, kwa shilingi 68,000. Rangi hazina neno. Tyubu ni ndogo, lakini rangi inakolea vizuri na ikishakauka haitoki kwa maji. Brashi zilinyonyoka nywele wiki ya kwanza, nikawa naziokota moja moja kwenye rangi mbichi kwa ncha ya sindano. Kilichoniumiza hasa ni kanvasi zenyewe. Nikiinua moja dirishani naona mwanga unapita kwenye nyuzi. Ilikuwa mwezi wa tano, masika bado inanyesha, na nilipopaka gundi ili nibandike kipande cha gunia, kitambaa kikalegea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka. Asubuhi yake fremu ilikuwa imepinda, kona moja imenyanyuka mezani kimo cha kidole gumba. Nikairudisha dukani. Nikaonyeshwa tangazo ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji alinijibu kwa ustaarabu, na pengine hakujua kwamba kanvasi za namna ile zinafaa kwa rangi nyepesi peke yake. Lakini boksi lilikuwa na picha ya maua yaliyobandikwa kwa kitambaa na vifungo, na mimi nililiamini.

Aliyeniokoa ni fundi sofa wa mtaani kwetu. Nilimpelekea ile fremu nikidhani ataninyooshea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mgonjwa?"

Akaishika, akabonyeza mti kwa kidole gumba, ukabonyea. Akaniambia mti ule ni wa kubebea picha ya harusi, kazi yangu hauiwezi. "Kanunue amerikani, mimi nitaiwamba kwenye fremu ikazike kama siti ya kochi."

Amerikani ni ile pamba nzito ambayo haijatiwa rangi, ya kijivujivu yenye vijidoa vya mbegu. Maduka ya vitambaa wanayo, mimi nililipa shilingi 4,500 kwa mita. Nilitaka kuifua kwanza, fundi akanikataza kabisa. Alisema kitambaa kipya kina deni la kunywea, basi kiache kinywee kikiwa tayari kwenye fremu. Sikumwelewa mpaka siku niliyopaka gundi ya kwanza. Ilipokauka, nikakigonga kwa kidole, kikalia kama ngoma.

Nimekaa karakana kwake nikiangalia anavyowamba, na hapa nitachelewa kidogo kwa sababu ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Fremu ilikuwa ya futi mbili kwa tatu, mbao za inchi moja kwa mbili za msaiprasi, zile zinazoshuka kutoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro. Kona zimekatwa mshazari na kuungwa kwa gundi, nyuma zimepigwa vipande vya pembetatu vya plaiwudi, na katikati pana mti mmoja unaovuka ili fremu isijikunje. Kabla ya kuweka kitambaa alipiga randa ukingo wa mbele wa mbao ushuke kuelekea ndani, kitambaa kisiguse mbao kote bali ule ukingo wa nje tu. Usipofanya hivyo, mstari wa mbao utajichora kwenye picha yako siku utakapoisugua. Kisha akapiga stepla moja katikati ya upande mrefu. Akageuza, akavuta kwa koleo, akapiga ya pili upande wa pili, mkabala na ile. Halafu pande fupi, katikati vilevile. Baada ya hapo anatoka katikati kwenda kona, moja huku, moja kule, hamalizi upande mmoja hata siku moja. Kona akazikunja mwisho kabisa, kama mtu anayefunga zawadi. Kazi nzima haikuzidi nusu saa. Nililipa 15,000, mbao zikiwemo.

Ukirudi nyumbani, kitambaa kibichi bado hakifai kupakwa rangi, kinainywa yote. Kuna kitu wachoraji wanakiita jeso, ni unga laini wa chaki na gundi na rangi nyeupe, na kwenye maduka ya hapa nilikikuta kwa shida na kwa bei kubwa. Nilitumia gundi nyeupe ya maseremala. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, kikombe kimoja cha gundi kwa viwili vya maji, ukapakwa mpaka upenye. Ukikauka, mikono miwili ya rangi ya maji nyeupe, ile ile ya ukutani, kila mmoja ukipigwa msasa laini baada ya kukauka. Chagua rangi ya maji nzuri. Ile ya bei ya chini kabisa ukipitisha kiganja inaacha unga, na kitu chochote ukibandika juu ya unga kitaondoka na unga wake.

Kwa sehemu za kuinuka, kwenye picha ya kwanza nilitaka mlima uonekane na mwili wake, Kibo upande mmoja na Mawenzi upande mwingine. Nikatumia ule unga mweupe ambao mafundi hupigia skimu, yaani kulainishia ukuta. Ukikoroga na maji peke yake utapasuka, kwa sababu kitambaa kinacheza na ukuta hauchezi. Uukoroge na gundi, uzito wa uji wa mtoto aliyeanza kula, upake tabaka jembamba, uache ukauke siku nzima, ndipo upake jingine. Mimi nilipaka kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Kwa theluji ya Kibo niliacha ile michirizi ya kadi ilivyo, sikuigusa tena, na mpaka leo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika picha zote nne.

Sasa kanga. Mama ana kanga moja ya zamani aliyombebea mdogo wangu mgongoni, imepauka, mji wake umetoboka, lakini pindo na jina bado vizima. Jina lake ni WEMA HAUOZI. Nilimwomba, akanipa bila kuuliza naifanyia nini. Niliitandaza mezani na mkasi mkononi nikakaa muda mrefu bila kukata. Mwisho nilikata utepe wa jina wote, kuanzia nukta ya kwanza hadi ya mwisho, nikaacha uwazi wa vidole viwili juu na chini ili herufi zipumue.

Kanga ya zamani inashika gundi kuliko mpya, hili nimelijaribu kwa zote mbili. Mpya bado ina wanga wa dukani, gundi inateleza juu, na nyekundu yake inavuja. Niliwahi kubandika mpya, pambizo nyeupe ya picha ikageuka waridi. Kama huna ya zamani, ifue mara tatu au nne, kisha futa kona moja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka cheupe, endelea. Kubandika, paka gundi iliyolainishwa kwa maji kidogo chini, laza kitambaa kuanzia katikati, sukuma hewa kwa kiganja kwenda nje, kisha paka gundi tena juu yake. Ikiwa mbichi itaonekana nyeupe kama maziwa. Usiogope, ikikauka inakuwa angavu na herufi zinarudi.

Makosa yangu mawili makubwa yalitokana na haraka. La kwanza ni jani la sale. Kwetu Wachaga sale ni jani la heshima, ndilo hupelekwa mtu anapoomba msamaha, na nilitaka liwepo kwenye picha ya nyumbani. Nikalichuma asubuhi, nikalibandika jioni. Baada ya siku tisa lilikuwa na ukungu wa kijani chini ya gundi, na harufu. Jani lina maji, na ukilifunika kwa gundi umeyafungia humo. Nililibandua na kuanza upya na jingine nililolikandamiza kati ya magazeti chini ya godoro kwa wiki tatu, nikibadilisha magazeti kila baada ya siku mbili. Hilo halijaota ukungu mpaka leo, ila limekuwa la rangi ya majani ya chai. Maganda makavu ya mgomba hayana shida hiyo, yakishakauka shambani yanakuja na rangi zake, kahawia, nyeusi, ya dhahabu, unayachana kwa vidole tu.

La pili lilikuwa kwenye picha ya tatu. Kulikuwa na rangi ya mafuta nyekundu iliyobaki kwenye geti la mama, nikaona ni hasara kuiacha. Nikapaka mandhari yote nyekundu, inang'aa vizuri, kisha nikachora juu yake kwa akriliki. Wiki mbili baadaye nilipitisha ukucha, akriliki ikabanduka vipande vizima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Rangi ya mafuta inaweza kuja juu ya ya maji, ya maji, kama akriliki, juu ya mafuta haishiki. Kazi ya siku tano ilikwenda, na niliumia kwa sababu shanga nilizozishona pale nilikuwa nimezifuata Arusha, kwa akina mama wa Kimaasai wanaozipanga kwa rangi zao, na zile za bluu ya maji sikuzipata tena.

Kahawa ilinipa shida ya aina nyingine, uzito. Nilibandika buni mbichi za kihambani kwa mama, yaani shamba la nyumbani, moja moja, upande bapa chini, zikatengeneza umbo la mti. Kitambaa kiliinama. Tena usitumie zilizokaangwa. Zinapendeza kwa macho, lakini zinatoa mafuta na gundi inaachia. Kwa picha ya vitu vizito sasa nabandika amerikani juu ya hadibodi iliyopigiliwa kwenye fremu. Kuna aliyeniambia hiyo siyo kanvasi halisi. Mimi namkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vibao vya dari na rangi za mafuta za kawaida, akafariki mwaka 1972, na mtindo wake umebeba jina lake mpaka leo. Ubao haukumpunguzia kitu.

Magunia nilinunua Soko la Mbuyuni. Chagua la katani, si la plastiki, na ulikung'ute nje maana lina vumbi la kutosha kukohoza nyumba nzima. Lesi na vifungo vya zamani nilivipata soko la Memorial kwenye mitumba. Nilinunua blauzi moja iliyochakaa kwa shilingi 500 nikatoka na vifungo kumi na pindo la lesi.

Kumalizia, vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili. Vanishi ya mbao ya mafuta itageuza nyeupe yako kuwa manjano ndani ya miezi michache. Na usitundike panapopigwa jua la mchana, kanga itapauka hata kama imefunikwa.

Hesabu ya kanvasi moja ya futi mbili kwa tatu ilikuwa hivi: fundi 15,000, kitambaa 4,500, gundi 5,000, rangi ya maji lita moja 6,000, na gundi na rangi zilibaki za kutosha picha ya pili. Yaani 30,500 kwa kitu kikubwa mara mbili na zaidi ya kanvasi ya seti, na ambacho naweza kukitundika ndani msimu wa mvua za Moshi bila wasiwasi. Seti ya dukani nampendekezea anayetaka tyubu za rangi tu, na afadhali azinunue peke yake bila kanvasi.

Nilipompelekea mama ile picha ya mlima, aliisimamisha kwenye kochi kabla hatujatafuta msumari. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya kanga, akasoma polepole mpaka mwisho, kisha akaanza kunihadithia siku aliyoinunua hiyo doti, habari ambayo sikuwahi kuisikia. Msumari tulipiga jioni. Wiki iliyopita amenitumia kanga nyingine, imefungwa kwenye mfuko pamoja na ndizi za kuiva, imefuliwa mpaka imekuwa laini, jina lake bado zima. Fremu nimeshaagiza kwa fundi: futi tatu kwa nne, miti miwili ya kati.