Kioo cha tangi la samaki kimekwaruzika: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kabla hujatoa pesa, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo ni wa juujuu na una tiba. Ukinasa, kioo kimechimbika, na hakuna kopo la dukani litakalokirudisha kilivyokuwa. Halafu chunguza mkwaruzo uko upande upi. Wa ndani hufifia sana tangi likijazwa, kwa sababu maji huingia kwenye ule mfereji na hupinda mwanga kwa namna inayokaribiana na ya kioo kuliko hewa inavyofanya. Wa nje haufichwi na chochote.

Hakikisha pia kwamba hicho ni kioo kweli. Matangi ya akriliki, plastiki ngumu inayofanana na kioo, hutoa mlio mzito ukiyagonga, na hayana ule ubaridi wa kioo mkononi. Hayo nitayagusia huko chini.

Machaguo yafuatayo nimeyapanga kuanzia ninalolipendekeza zaidi.

1. Liache, lijaze maji

Kwa mikwaruzo ya ndani isiyonasa ukucha, hili ndilo chaguo langu la kwanza, na si kwa ajili ya kubana matumizi tu. Kila njia ya kung'arisha huondoa kioo kidogo. Ukisugua sana sehemu moja unatengeneza bonde, na samaki akipita hapo anaonekana amepinda. Watu wengi wameondoa mstari mwembamba ambao hakuna mgeni angeuona, wakabaki na doa pana linaloonekana kutoka mlangoni.

2. Badilisha kioo, au tangi zima

Hili ni la mkwaruzo unaonasa ukucha, hasa ukiwa nje katikati ya kioo kikubwa. Tangi la lita 200 limebeba kilo 200 za maji, na uzito huo husukuma kioo kibinuke kidogo kuelekea nje. Uso wa nje ndio unaovutwa, na ufa huanzia penye udhaifu. Hapo usibahatishe, maana sakafu yako na samaki wako vyote viko hatarini.

Kwa tangi dogo, nunua jipya. Kwa kubwa, tafuta fundi wa vioo aliyewahi kutengeneza matangi, si wa madirisha tu. Mwambie akate kioo chenye unene uleule na alainishe kingo. Silikoni yote ya zamani, yaani ile gundi inayounganisha vioo, ikwanguliwe mpaka iishe, kwa kuwa silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokwisha kukauka. Silikoni yenyewe inunue wewe: soma maandishi ya mrija na ukatae yoyote yenye dawa ya kuzuia ukungu, kama zile za bafuni, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Ile inayonukia siki ndiyo iliyozoeleka. Iache ikauke kwa siku kadhaa, harufu iishe kabisa, kisha lijaribu tangi kwa maji likiwa nje ya nyumba kabla ya kulirudisha sebuleni.

3. Unga wa seriamu oksaidi

Huu ndio unga unaong'arisha kioo kweli. Unauzwa pamoja na pedi ya sufu iliyoshindiliwa, ya kufunga kwenye drili. Unafaa kwa mikwaruzo myembamba ya nje, ile inayokukera kila ukikaa kutazama. Uchanganye na maji uwe mzito kama uji mwepesi, tumia drili ya betri kwa mwendo wa polepole, na eneo lisikauke hata kidogo. Kioo kikipata joto sehemu moja hupasuka. Tangi liwe tupu, bila maji wala samaki, na ukimaliza lisuuze mara kadhaa. Jiandae kwa kazi ndefu, na ukiona taswira inaanza kupinda, acha.

4. Risini ya kuzibia vioo vya magari

Gundi hii angavu husaidia kidogo penye kidonda kidogo cha nje. Kwenye mkwaruzo mrefu mstari utaendelea kuonekana. Ndani ya tangi usiipake kamwe.

5. Dawa ya meno

Ushauri huu unasambaa sana, lakini dawa ya meno haina makali ya kukila kioo. Itakuondolea uchafu uliodhani ni mkwaruzo, basi.

Wenye akriliki wana nafuu: inakwaruzika upesi, lakini inatengenezeka. Nunua msasa wa maji wa namba 1000, 2000 na 3000, sugua kwa mfuatano huo, umalizie na king'arisho cha plastiki. Spiriti na dawa za madirisha zenye amonia zisiiguse, maana huijaza nyufa ndogondogo.

Pesa iende zaidi kwenye kinga

Mkosaji mkubwa ni mchanga. Chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye mchanga mwingi, ni ngumu kuliko kioo, na moja tu ikinaswa chini ya kifaa chako cha kusafishia kioo inatosha kuacha mstari kutoka juu hadi chini. Wanaofuga samaki wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika wanalijua hili vizuri, kwa kuwa wengi wa samaki hao huchimba na kutimua mchanga mchana kutwa.

Kifaa ninachokiweka juu ya vyote ni sponji nyeupe ya melamini isiyo na sabuni, ikifuatiwa na kadi ngumu ya plastiki. Mwani sugu wa madoadoa ya kijani unahitaji wembe: uwe mpya, usio na kutu, ulazwe kwa mshazari na usikaribie silikoni. Kwenye akriliki wembe ni marufuku. Sumaku ya kusafishia, yenye kipande kimoja ndani na kingine nje ya kioo, naiweka mwisho licha ya urahisi wake, kwa sababu ndiyo inayobeba mchanga bila wewe kuona. Ukiitaka, chukua inayoelea ikiachia, inayolingana na unene wa kioo chako, uioshe kabla ya kila matumizi na usiishushe mpaka chini. Sponji ya kijani ya vyombo na stilwaya visikaribie tangi kabisa.

Na ukinunua tangi lililotumika, mwombe muuzaji alimwage maji na alikaushe kabla hujalipa, kisha ulikague kwa tochi ukiimulika kutoka ubavuni.