Zawadi za kumfundishia mbwa: mapafu kwanza, biskuti mwisho

Bosi ni mbwa wa kienyeji, kilo kama 18, na alipofika nyumbani hakujua hata kukaa akiambiwa. Tangu hapo nimemjaribishia karibu kila kinacholiwa ambacho mtu wa Dar anakipata bila kuagiza nje. Nimevipanga kwa harufu, kwa wepesi wa kumezwa, na kwa bei. Kipande kinachofaa hakizidi punje ya njegere. Mbwa anakimeza mara moja, anakutazama tena usoni akingoja neno linalofuata. Ukimpa cha kutafuna dakika nzima, somo limekatika.

Namba moja ni mapafu ya ng'ombe, na sioni mshindani wa karibu. Buchani ni rahisi kuliko nyama kwa mbali, hayana mafuta mengi, na yakishakauka huwa mepesi kama sponji, unayavunja kwa vidole bila kuchafua mfuko. Kuna kazi kidogo. Yakate vipande kwanza, uyachemshe kwenye maji matupu, bila chumvi wala kitunguu. Yataelea, kwa hiyo yakandamize na sahani juu. Yape dakika 40 za kuchemka kabisa, na hapa usifanye haraka: maini na mapafu mabichi ya mifugo huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye vijidudu vya tegu. Mbwa akivila anapata minyoo, na mayai ya minyoo hiyo kwenye kinyesi chake ndiyo yanayomrudia binadamu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo umewatesa watu kwa miaka mingi. Yakishaiva yakate kama ukucha wa kidole kidogo, uyakaushe kwenye oveni ya moto mdogo au juu ya jiko lenye makaa yanayofifia. Mimi juani nimeacha, nzi walinishinda. Weka kwenye friza, kila siku utoe ya somo la siku hiyo tu.

Namba mbili nimewaweka firigisi za kuku na maini pamoja, ingawa si sawasawa. Firigisi zilizochemshwa hukatika vizuri na hazimomonyoki. Maini yana harufu kali inayomtoa mbwa hata kwenye ugomvi na paka wa jirani, lakini yasiwe ya kila siku: vitamini A yake ni nyingi mno, hurundikana mwilini na baadaye hudhuru mifupa. Nayaweka kwa somo gumu, kama kumwita arudi wakati geti liko wazi.

Tatu, dagaa wakavu. Chukua wa Mwanza, si wale wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi. Kabla ya kulipa, tia mkono ndani ya gunia uone kama vidole vinatoka na mchanga. Waliokaushwa juu ya chanja au wavu huwa safi kuliko walioanikwa chini. Dagaa mmoja anatosha zawadi mbili au tatu. Ubaya wake unaujua mwenyewe ukipanda daladala na suruali ile ile.

Chakula kikavu cha mbwa ni cha nne. Kama ndicho mlo wake, pima sehemu ya siku, toa konzi moja ya kufundishia, kinachobaki ndicho chakula. Ndani ya nyumba pasipo kelele kinatosha. Barabarani mbwa hakitazami.

Soseji: chumvi, mafuta, viungo, na mara nyingine unga wa kitunguu. Ipo siku utaikata kwa sababu hakuna kingine. Basi.

Biskuti za mbwa za dukani ni za mwisho, na ndizo watu wengi wanazoanzia kwa sababu pakiti ina picha nzuri. Nyingi ni ngumu na kubwa, inabidi uzivunje kwa nyundo, na zilizotoka mbali huenda zimekaa rafuni muda mrefu. Ukizinunua, soma tarehe ya mwisho, uchague laini.

Chokoleti, zabibu, vitunguu vya aina zote na mifupa iliyopikwa usiviweke kwenye hesabu hii. Siagi ya karanga isome viambato vyake kwanza; yenye zailitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa. Na chochote utakachochagua, jumla isizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku.

Nunua pia kibegi cha kiunoni. Mimi nilianza na kopo la bati, nikilitikisa kabla ya kusema "kaa". Wiki ya pili Bosi alikuwa anakaa kwa sauti ya kopo, neno hakulijua kabisa. Nilikuwa nampa hongo, simlipi kazi. Sasa mkono unaingia kibegini baada ya yeye kukaa.

Mpangilio huu unaweza kupinduka nyumbani kwako. Mbwa anayekula dona na dagaa kila jioni hashangai akimwona dagaa. Jaribu hivi: weka kipande cha kila aina kwenye viganja viwili vilivyofumbwa, uone anang'ang'ania kipi kwa pua. Bosi huwa anafuata mapafu. Wa dada yangu, kule Tanga, hataki chochote ila firigisi.