Jagi la jioni ya kaskazi: nunua choya kwanza, soda mwisho

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Disemba mpaka Machi, nyumba nyingi za mjini Unguja jiko la jioni hulizima mapema. Anayeweza hutuma mtoto kununua mishkaki, pweza, kachori au mabakuli mawili ya urojo, watu wakakaa barazani kungojea upepo. Chakula hakina tabu. Tabu ni cha kuteremshia. Wengi hukimbilia soda kwa mazoea, na soda juu ya mishkaki ni sukari juu ya mafuta: unapomaliza chupa ndipo kiu inapoanza.

Mimi kabla ya kununua kinywaji hutazama sahani. Mafuta yanataka uchachu, pilipili inataka utamu kidogo, na chakula kilichokwisha kuwa kichachu hakitaki kichachu chengine. Wafaransa nao wana njia yao: joto likizidi hutia ubaridi kidogo mvinyo mwekundu mwepesi, kama ule wa Beaujolais, wakaunywa na vyakula visivyo na makuu. Asidi ya tartariki inayoupa mvinyo ule ukali wake ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye ukwaju. Sisi tunaipata sokoni Darajani, tena bila ya kulewa.

Nambari moja kwangu ni choya, maua makavu ya kuchemsha ambayo wengine huyaita rozela. Nyekundu, nyepesi, chachu bila ya kukera, na ina ukakasi mdogo unaosafisha ulimi baada ya kila kijiti cha mshikaki. Inakubaliana na kuku wa kuchoma, samaki wa kukaanga, hata kiporo cha pilau. Nunua iliyokauka vizuri: ukiivunja ivunjike, isipinde, na rangi iwe nyekundu ya kuiva inayoelekea zambarau. Iliyogeuka kijivu au yenye harufu ya chumba kilichofungwa, iache hapohapo. Na jihadhari na ile iliyokwisha kutengenezwa, inayouzwa kwenye chupa ikiwa nyekundu ya kung'aa kama rangi ya kucha. Niliwahi kuinunua moja, nikaimwagia magadi kidogo kwa udadisi. Choya ya kweli ingegeuka ikaelekea buluu au kijani. Yangu ilibaki nyekundu vilevile. Nikaimwaga. Kuitengeneza nyumbani kwa choya kavu ni rahisi: konzi moja kwa lita ya maji, ichemke na tangawizi na iliki mbili, uchuje, sukari utie mwisho ukionja.

Ukwaju unafuata, tena kwa pweza wa kuchoma na mishkaki ya ng'ombe yenye mafuta unaishinda choya. Nimeuweka wa pili kwa sababu ya ununuzi wake tu. Unauzwa kwa uzito, na muuza mjanja anajua kokwa, nyuzi na maji vyote vina uzito. Bonyeza donge: liwe laini, la kahawia inayoelekea wekundu, lisiache majimaji kidoleni. Ukikutana na uliotolewa kokwa, usiogope bei yake ya juu, maana unalipia nyama tupu. Roweka kwenye maji ya uvuguvugu, kanda kwa mkono, chuja, tia sukari na chembe ya chumvi. Usiulaze kwenye sufuria ya alumini, asidi hula chombo.

Lakini usiuweke ukwaju mbele ya urojo! Urojo wenyewe tayari una uchachu wa ukwaju au embe mbichi, na juu yake pilipili. Hapo mfalme ni dafu, ambalo kwenye orodha yangu ya jumla ni la tano. Maji yake matamu kwa mbali yanautuliza ulimi bila ya kugombana na rojo. Chagua zito kwa ukubwa wake, na ulitikise: likilia sana ndani, limeanza kukomaa na maji yamepungua. Bei iulize kabla halijakatwa, hasa ukiwa karibu na Forodhani penye watalii.

Katikati yao nimeweka bungo nambari tatu na miwa nambari nne. Bungo ni tamu na chachu kwa pamoja, ina harufu yake isiyofanana na tunda lolote, na kwa samaki wa nazi sijaona mwenzake. Inapungukiwa kwa kuwa ina msimu, na kwa kazi ya kuzitenga kokwa na nyama yake. Juisi ya miwa ni ya kunywa papo hapo, umesimama mbele ya mashine, ikiwa imekamuliwa na ndimu na tangawizi. Ukiichukua nyumbani itafika imebadilika rangi na ladha. Bila ndimu ni sukari tu, haiishindi soda kwa lolote.

Za pakiti dukani mimi sizipangi. Ukilazimika, soma karatasi yake: iliyoandikwa "ladha ya" tunda si lazima iwe na tunda.

Limebaki barafu, na hili ndilo linaloharibu majagi mengi. Ya kununua hujui maji yake yametoka wapi, na ikiyeyuka inazimua choya uliyoihangaikia. Mimi hugandisha maji kwenye chupa ndogo, naiosha nje vizuri, naitumbukiza nzima ndani ya jagi. Watoto wanagombania nani aitoe mwisho.