Vifaranga wa mwezi mmoja, mgongo wazi

Nimetoa nyota tatu kati ya tano, na nilikaa kitako nikijiuliza kama ziwe mbili. Jina la muuzaji silitaji. Tulimalizana vizuri, na isitoshe, alichonifanyia hakufanya yeye peke yake hapa Malindi. Vifaranga huuzwa kwa umri, na umri kuku hauvai.

Mimi nakaa Muyeye, riziki yangu ni mahamri na viazi karai vya asubuhi. Kuku ni mambo ya uani: mayai ya nyumbani, na jogoo wawili watatu wa kuuza Idi ikikaribia. Mwisho wa Aprili nikaagiza vifaranga 30 wa kienyeji walioboreshwa, wa mwezi mmoja, shilingi 250 kila mmoja. Wa mwezi niliwataka makusudi. Bruda, chombo cha kuwapa vifaranga joto, sina, na kukesha na jiko la makaa siwezi, maana saa kumi alfajiri tayari niko kwenye karai. Naye akaniambia kwenye simu, "Mama, hao wakifika wewe watoe nje tu."

Kuhusu kuwaleta sina neno. Walikuja na tuktuk saa mbili asubuhi, jua halijaanza kuchoma, wamepangwa ndani ya matenga mawili yenye nafasi, chini maranda makavu. Nikahesabu 31, mmoja wa nyongeza. Macho maangavu, miguu imara, hakuna aliyegandwa na kinyesi nyuma. Na karatasi ya chanjo ilikuwepo, tarehe za chanjo ya magonjwa ya mdondo na Gumboro zimeandikwa kwa mkono. Nyota mbili alizichuma hapo hapo.

Mama mkwe ndiye aliyeniharibia furaha. Alimshika mmoja, akamgeuza, akampulizia mgongoni. "Huyu yu uchi," akasema. Nikainama nitazame. Mabawa yalikuwa yameota manyoya vizuri, ndiyo maana ukiwaona kwa mbali unadhani wamevaa. Lakini kati ya mabawa, kuanzia shingoni hadi mkiani, ni malaika matupu, yale manyoya laini ya utotoni. Ukipuliza yanagawanyika na ngozi ya waridi inaonekana. Hapa na pale vijiti vyembamba kama miba ya dagaa, nyoya bado limo ndani ya ala yake, ncha ndiyo kwanza imechanua kidogo. Kama mtu aliyevaa mikono ya koti akasahau koti lenyewe. Tukawapuliza wote, mmoja mmoja. 17 walikuwa hivyo.

Nikampigia muuzaji simu. Akanijibu Malindi ni joto, watavaa wenyewe.

Sasa hapo nusu alisema kweli. Kifaranga wa wiki ya kwanza hutaka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka ufike 21 hivi. Kwetu hapa hata usiku hewa haishuki sana chini ya 22, kwa hiyo kifaranga wa mwezi aliye mkavu habanwi na baridi. Tatizo ni hilo neno "mkavu". Malaika hayazuii maji. Yakilowa yanagandana na ngozi, na upepo ukipita hapo, joto lote la mwili linakwenda nao.

Usiku wa tatu mvua ya masika ikashuka, na upepo wa kusi nyuma yake. Banda langu la makuti upande wa kusini lilikuwa na wavu tu. Asubuhi niliwakuta wamerundikana pembeni, wamepandana, na chini kabisa wawili wamelala bapa, wamekwisha. Wote wawili ni wa mgongo wazi. Banda ni langu, na lawama hiyo siikwepi.

Lakini mbona nyoya lilichelewa? Nikaenda mwenyewe kwa muuzaji. Chumba cha mabati, saa sita mchana, na taa za joto bado zinawaka! Vifaranga wametandaza mabawa, midomo wazi, wanahema. Kifaranga anayepikwa mchana kutwa hali chakula vizuri, na mwili hauoni haja ya kujifunika. Nikatia mkono ndani ya kilishio: chakula cha vifaranga kimeongezwa wishwa wa mahindi, tena si kidogo. Nyoya karibu lote ni protini. Chakula cha kifaranga kinatakiwa kiwe na protini asilimia 18 hadi 20, na wishwa haufiki hata karibu. Juu ya hayo walikuwa wamebanana, na wakibanana wanadonoana. Miongoni mwa wangu wapo ambao mkia uliota ukanyofolewa.

Afisa wa mifugo aliongeza jambo moja ambalo si kosa la mtu. Ziko damu za kuku ambazo nyoya huchelewa kwa asili, na mara nyingi majogoo hubaki nyuma ya mitetea. Kweli, wale 15 wa mgongo wazi waliobaki walipokua, 11 walitokea kuwa mapora, majogoo wachanga.

Kwangu niliwarudisha jikoni, kwenye boksi la friji, taa usiku tu. Chakula cha vifaranga kitupu, na dagaa wa kusaga kidogo juu yake. Dagaa, si ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Chumvi ya ng'onda inaua vifaranga. Mchana wenye jua nikawatoa saa tatu, nikawaingiza saa kumi, wavu juu kwa sababu ya kunguru, ambao Malindi hawana haya hata kwa paka. Upande wa kusini nikaziba kwa mabati hadi magotini, juu nikaacha hewa ipite. Wiki ya saba migongo yote ilikuwa imefunikwa, wakahamia nje moja kwa moja. Chanjo ya ndui, ile ya sindano kwenye ngozi ya bawa, nililipia mwenyewe. Kwa mbu wa huku singeiacha.

Nyota ya tatu aliipata mwisho. Nilipomwambia habari ya wale wawili hakubisha. Aliniletea wanne, na mbele yangu akazima taa za mchana. Za wiki iliyofuata sizijui.

Jana nimempigia tena. Anao wa wiki sita, shilingi 320. Nimemwambia asinifungie mtu kwenye tenga. Nakuja Jumamosi, nikishamaliza viazi, niwapulize mwenyewe.