Loki ya difu kwenye Massey 165 yangu, baada ya misimu miwili

Nilipolinunua hili trekta, pedeli ndogo ya kisigino iliyo kulia kwa dereva, ile ya loki ya difu, yaani kifaa kinachofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ilikuwa inalegealegea kama mlango uliong'oka bawaba. Nikamuuliza muuzaji ni ya nini, akaniambia hiyo achana nayo, haina kazi. Nikaachana nayo kweli. Msimu mzima.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 165 lililotengenezwa Coventry, Uingereza, limekuja nchini likiwa limeshatumika, na ni zee kuliko dereva wangu kwa miaka mingi. Nalima nalo mpunga Dakawa, Morogoro, mashamba yangu kwanza, kisha ya majirani wanaolipa kwa heka. Udongo wa huku ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kuingia mguu. Ukinyeshewa, unakuwa gundi.

Kilichokuwa kinanikera ni gurudumu la kushoto. Kwenye plau ya diski tatu, la kulia linatembea ndani ya mtaro uliolimwa raundi iliyopita, kwa hiyo trekta linalala upande huo na uzito unahamia huko. La kushoto linabaki juu, jepesi, nalo ndilo linalochimba. Difu ya kawaida, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, inazipa pande zote mbili nguvu sawa, na balaa linaanzia hapo: gurudumu lililokosa pa kushika linazungushwa na nguvu kidogo tu, basi na mwenzake aliye pakavu anaambulia hicho hicho kidogo. Dereva wangu alikuwa anagusa breki ya kushoto peke yake ili kulizuia lile linalozunguka bure. Inasaidia, sikatai, lakini breki zinakwisha na mguu unachoka.

Siku tulipozama mpaka ekseli, utingo alikuja na gogo na mnyororo, anataka kulifunga kwenye tairi ili trekta lijipandishe lenyewe. Nilimkatalia, na nitamkatalia kila nitakayemwona. Gogo likigoma chini ya tairi, gurudumu haliendi popote. Kinachozunguka ni trekta lenyewe kwenye ekseli yake, pua inapanda juu na linamgeukia dereva. Tulivutwa na trekta la jirani, tumefunga chini kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya trekta, na jioni ile ndipo dereva akaniambia, "Mama, ile pedeli ya kisigino ingekuwa nzima tusingefika hapa."

Fundi alikuja na kufungua upande wa kulia. Ili uifikie loki kwenye hii Massey lazima utoe hausingi yote (ganda la chuma) ya ekseli ya kulia, kwa hiyo usimwamini anayekwambia ni kazi ya saa moja. Ndani kuna kola yenye meno inayoteleza na kuuma kwenye kikombe cha difu. Ikishauma, magurudumu mawili yanakuwa kama yamechomelewa kwenye chuma kimoja. Yangu springi ilikuwa imekatika. Meno ya kola yalikuwa yameliwa kidogo kwenye ncha, tukabadilisha. Na sili mpya, na gaskiti. Kilichonila hela si spea, ni mafuta: mafuta ya gia, ya difu na ya haidroliki kwenye hili trekta ni yale yale, ukifungua unamwaga yote. Yangu yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake yalishaingiwa na maji, kwa hiyo sikuwa na ujanja wa kuyarudisha.

Kabla ya kumlipa, nilimwambia anionyeshe. Akainua magurudumu yote mawili ya nyuma kwenye stendi imara, injini imezimwa, gia imetiwa. Nikazungusha la kulia mbele kwa mikono. La kushoto likarudi nyuma. Akakanyaga pedeli, nikasukuma taratibu, tukasikia "tak", na pale pale gurudumu likagoma kabisa. Akatoa gia, nikasukuma tena, yakaenda yote mawili upande mmoja kama askari. Kipimo hiki unaweza kukifanya siku ya kununua, kabla pesa haijatoka mfukoni. Laiti ningekijua mapema.

Sasa shambani. Inafanya kazi, tena vizuri, ila ina masharti. Dereva anakanyaga akiona sehemu mbaya iko mbele, akiwa anakwenda polepole na sawasawa. Akisubiri mpaka gurudumu linazunguka kwa kasi ndipo akanyage, meno yatagongana na utasikia mlio usioupenda. Hapo akanyage klachi kwanza, magurudumu yatulie. Akitoa mguu, springi inaiachia yenyewe. Wakati mwingine inang'ang'ania kwa sababu bado ina mzigo, basi klachi kidogo inatosha.

Na kwenye kona, mguu juu! Wiki ya kwanza dereva alifika mwisho wa shamba, akakata usukani wote, lakini kisigino bado kimelala kwenye pedeli. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuka kabisa, yanaburuzika kwenye tope kama miguu ya ng'ombe anayekataa josho, na trekta likaenda moja kwa moja likapasua tuta la jaruba la jirani. Maji yote yakahama. Tuta tulilirudisha wenyewe, mimi nikiwa na jembe la mkono.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba loki haiongezi uzito. Kama tairi zote mbili hazishiki, loki inakupa magurudumu mawili yanayochimba badala ya moja. Nilipima hivi: nikachora chaki kwenye tairi, plau ikiwa juu nikahesabu mizunguko 10, nikasimika vigingi viwili mwanzo na mwisho. Tukarudia umbali ule ule plau ikiwa ardhini. Mizunguko 14! Yaani kati ya kila 14 ninazozilipia dizeli, 4 zinaishia kusaga udongo. Kwenye kulima, kuteleza kwa asilimia 10 hadi 15 ni kawaida, yangu ilikuwa karibu 29.

Tukajaza maji tairi za nyuma. Unainua gurudumu, vali ikae juu kabisa, unatoa sindano yake, unaingiza maji kwa mpira kutoka pipa lililowekwa juu, ukiachia pumzi itoke kila mara, mpaka maji yafike usawa wa vali. Hapo tairi imejaa kama robo tatu. Juu yake unatia upepo. Zangu zilikunywa karibu ndoo 10 za lita 20 kila moja, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kipimo kikashuka hadi mizunguko 12 kasoro, loki haijaguswa. Tairi moja tuligundua pia ilifungwa kinyume, meno yanatazama nyuma, tukaigeuza.

Siku hizi pedeli inakanyagwa labda mara tano au sita kwa heka, pale penye mabwawa tu. Sili mpya ya kulia imeanza kutoa jasho la mafuta, nimemwita fundi aje Jumamosi.