Yamaha RX-V385: Mipangilio ya Sauti kwa Anayeanza

Resiva ya Yamaha RX-V385 (resiva ni kifaa kinachopokea sauti na picha kutoka vyanzo mbalimbali na kuendesha spika), iliyoingia sokoni mwaka 2018, imeundwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutazama filamu sebuleni kwa spika 5 na sabufa 1, mpangilio unaojulikana kama 5.1. Nimeitumia katika sebule ya kawaida ya kwetu, yenye kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na dirisha pana upande mmoja. Katika tathmini hii nashughulikia jambo moja tu: mipangilio ipi ya sauti mnunuzi mpya aichague kwa mkono wake, na ipi aiachie mashine. Hilo ndilo linaloamua kama fedha zake zimekwenda mahali pazuri, kwani resiva ya gharama ikipangwa ovyo huweza kuzidiwa na redio ya sabufa ya bei ya chini.

Mahali pa spika ni sharti la kwanza, na hakuna menyu inayoweza kulifidia. Spika mbili za mbele hukaa kushoto na kulia kwa pembe ya takriban digrii 30 kutoka mbele ya msikilizaji, ya katikati hukaa chini ya runinga ikielekea usoni, na mbili za pembeni hukaa kati ya digrii 100 na 120, yaani ubavuni na kidogo nyuma ya kochi. Pale ambapo kochi limeegemea ukuta wa nyuma, kama ilivyo katika nyumba nyingi, ni heri kuzifunga spika hizo kwenye kuta za pembeni, juu kidogo ya usawa wa masikio, kuliko kuzibana nyuma ya kichwa cha mtu.

Jambo la pili ni chanzo cha sauti, na hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Mtu hufunga spika zote, akawasha filamu, kisha akasikia za mbele tu. Mara nyingi resiva haina kosa, bali runinga au king'amuzi kinatoa sauti ya njia mbili (stereo), ya kushoto na kulia tu. Ikiwa runinga imeunganishwa na resiva kwa njia ya ARC, inayorudisha sauti ya runinga kwenye resiva kupitia waya wa HDMI na iliyokuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, ingia kwenye menyu ya sauti ya runinga na uondoe chaguo la "PCM", ambalo mara nyingi hutuma njia mbili tu, uweke "Bitstream", "Auto" au "Pass-through" kulingana na aina ya runinga. Iwapo filamu yenyewe ina sauti ya 5.1, kioo cha resiva kitaandika jina la mfumo wa sauti hiyo, kwa mfano Dolby Digital, nawe utakuwa na uhakika. Kuunganisha kicheza filamu moja kwa moja kwenye mojawapo ya matundu 4 ya HDMI ya resiva ni bora zaidi, kwa sababu sauti haipiti kwanza kwenye runinga.

Baada ya hapo utumie YPAO, mfumo wa Yamaha wa kupima chumba kwa maikrofoni ndogo inayokuja ndani ya boksi. Maikrofoni iwekwe pale mtazamaji anapokaa, kwenye usawa wa masikio, juu ya stendi ya kamera ukiwa nayo, na si mkononi mwa mtu. Funga madirisha, zima feni na kiyoyozi, na waombe watoto watoke nje kwa dakika chache. Sauti ya sabufa iwekwe nusu, na kitufe chake cha kuchagua masafa kifunguliwe hadi mwisho, ili resiva ndiyo iamue mpaka. Mashine itapiga milio, itapima umbali na nguvu ya kila spika, na itagundua hata waya uliofungwa kinyume. Ikionyesha "W-1", kagua rangi nyekundu na nyeusi nyuma ya spika iliyotajwa.

Umbali uliopimwa na mashine usiuguse. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ni sawa na ucheleweshaji wa karibu milisekunde 3, na resiva huichelewesha spika iliyo karibu ili sauti zote zifike sikioni pamoja. Usishangae ukikuta sabufa imeandikiwa umbali mrefu kuliko ule wa futikamba: saketi za ndani ya sabufa nyingi huchelewesha sauti, na kipimo hicho kimeuhesabu ucheleweshaji huo.

Kuna sehemu moja, hata hivyo, ambayo naisisitiza kuliko zote, nayo ni ukubwa wa spika. Mifumo ya kujipima mara nyingi huziandikia spika za mbele "Large", na mnunuzi, akiziona ni kubwa kwa macho, huridhika. Neno hilo halihusu umbo la spika. "Large" humaanisha kwamba spika itapewa masafa yote, hata besi nzito kabisa. "Small" humaanisha kwamba besi iliyo chini ya mpaka fulani itaondolewa kwenye spika hiyo na kupelekwa kwenye sabufa, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Spika yenye koni ya inchi 5 ikilazimishwa kupiga besi ya hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) hukoroma, humaliza nguvu ya amplifaya, na hata sauti za watu hupoteza uwazi kwa sababu koni ileile inahangaika na mlipuko. Zibadilishe zote ziwe "Small", kisha weka "Crossover" kwenye hezi 80, kipimo ambacho THX, kampuni inayoweka viwango vya sauti na picha za sinema, imekifanya kuwa kawaida katika sinema za nyumbani, kwa kuwa chini ya hapo ni vigumu kwa sikio kutambua besi inatoka upande gani. Ikiwa spika zako ni vile vidogo vya kushikika kwa kiganja, panda hadi 100 au 120. Ukipanda zaidi utaanza kusikia sauti nzito za wanaume zikitokea kwenye kona iliko sabufa, na filamu itaharibika. Kwa badiliko hili peke yake, mazungumzo katika sebule yangu yalisikika wazi zaidi kuliko kwa programu zote za sauti zilizomo ndani ya kifaa.

Programu hizo ni fahari ya Yamaha tangu ilipotoa DSP-1, kifaa chake cha kuchakata sauti, mwaka 1986. Zinaiga mwangwi wa kumbi halisi, zikiwemo za Munich na Vienna, The Roxy Theatre ya Los Angeles na The Bottom Line ya New York. Ni kazi ya kiufundi inayostahili heshima, lakini ushauri wangu kwa anayeanza ni kubonyeza "Straight", ambayo hutoa sauti jinsi mchanganyaji wa sauti wa filamu alivyoipanga. Sebule yenye vigae na kuta tupu tayari ina mwangwi wake. Ukiongeza wa ukumbi, maneno hufifia kama yaliyosemwa ndani ya kisima. Zulia zito mbele ya kochi na pazia nene dirishani vitakusaidia kuliko programu yoyote. Kwa taarabu na rumba chagua "2ch Stereo", na kwa matangazo ya mpira yanayokuja kwa njia mbili tumia "Surround Decoder", inayoivuta sauti ya mtangazaji hadi spika ya katikati. "5ch Stereo" inafaa kwenye sherehe, pale watu wanapokuwa wametawanyika chumbani.

Usiku, familia inapolala, washa "Adaptive DRC", ambayo hupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko unapopunguza sauti. Kama maneno bado hayasikiki vizuri, ongeza spika ya katikati desibeli 2 au 3, badala ya kupandisha sauti yote na kuwaamsha majirani. Iwapo midomo na maneno haviendi pamoja, "Lipsync" itarekebisha.

Kwa sebule ya wastani naipendekeza resiva hii bila kusita, hasa kwa sababu menyu yake ni fupi na mambo ya msingi yote yamo. Haina Wi-Fi, ingawa ina Bluetooth, na inaishia kwenye 5.1; hivyo anayepanga kuongeza spika za darini kwa ajili ya Dolby Atmos atafute yenye njia 7 tangu mwanzo. Anayenunua iliyotumika asome kwanza maandishi ya nyuma, kwa kuwa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na haziwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu.