Dikoda ya kununua kwa kichwa cha treni ya mvuke ya modeli: chaguo langu kwa mpangilio

Dikoda ni kile kibao kidogo cha elektroniki kinachokaa ndani ya kichwa cha treni ya modeli, kikapokea amri za kidhibiti na kuendesha mota. Kichwa cha dizeli cha modeli kina nafasi tele chini ya bodi, yaani lile gamba la juu. Cha mvuke hakina. Boila ni bomba tu, ndani limejaa mota na bonge la chuma la kuongezea uzito, na ukibahatika unabaki na upenyo mmoja karibu na dohani au ndani ya behewa la makaa. Kwa hiyo orodha hii naipanga kwa vitu viwili: dikoda inaingia wapi, na inaendeshaje mota kwa mwendo wa pole. Wingi wa vitufe vya kazi za ziada, kama taa, nauweka mwisho kabisa. Nazungumzia vichwa vya OO, vile vya Uingereza vya kipimo cha 1:76 vinavyokimbia kwenye reli ya upana wa milimita 16.5.

Kabla ya kulipa, pima. Weka kichwa kwenye umeme wa kawaida wa modeli, DC ya volti 12, mita ikiwa katikati ya waya, kisha bana magurudumu kwa sekunde moja usome ampea. Mota nyingi za siku hizi hazifiki nusu ampea. Zile za zamani zinaweza kufika ampea moja au kuipita, na dikoda ndogo haitazihimili. Angalia pia soketi ya ndani ya kichwa, pale dikoda inapochomekwa. Pini 8 ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Vichwa vidogo huwa na pini 6, na vipya vingi vina pini 18 au 21.

1. Zimo MX617. Hii ndiyo ninayoinunua bila kufikiri mara mbili. Ni ya Austria, haina sauti, na ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba. Uzuri wake uko kwenye mwendo. Dikoda hukata umeme wa mota kwa kitambo kidogo mno, ikasoma volti ambayo mota yenyewe inazalisha ikizunguka, halafu ikaongeza au kupunguza nguvu. Matokeo yake, vyuma vya pembeni mwa magurudumu vinapanda na kushuka polepole hadi unaweza kuvihesabu. Kwa mpenzi wa mvuke, hapo ndipo raha ilipo.

2. ESU LokPilot 5. Ni ya Ujerumani, na inakaribiana sana na ya kwanza. Ina jambo moja zuri kwa mota korofi: ukiandika 0 kwenye CV 54 (CV ni namba za mipangilio ndani ya dikoda) kisha ukabonyeza kitufe F1 cha kidhibiti, kichwa kinachomoka kwa kasi na dikoda inajipimia mota yenyewe. Hakikisha tu una reli ndefu ya kutosha mbele yake.

3. ESU LokSound 5. Ukitaka sauti, anza hapa, ila jiandae kulipa mara tatu au zaidi ya bei ya dikoda isiyo na sauti. Pumzi za moshi zinafuatana na gurudumu: injini ya silinda mbili hupiga nne kwa kila mzunguko, ya silinda tatu hupiga sita. Sikio lililozoea mvuke hutambua kosa papo hapo. Nunua spika kwanza, uijaribishe ndani ya behewa la makaa, ndipo uagize dikoda.

4. Hornby HM7000. Inamfaa asiye na kidhibiti cha DCC, yaani mfumo wa kutuma amri za kidijitali kwa dikoda kupitia reli, kwani unaiendesha kwa simu kupitia Bluetooth na kupakua sauti hukohuko. Mimi naiweka ya nne kwa sababu napenda kidhibiti cha mkononi kuliko kioo cha simu.

Nyaya sasa, maana dikoda nzuri ikifungwa vibaya inaungua kama ile ya bei rahisi. Nyekundu inakwenda reli ya kulia, nyeusi ya kushoto. Ya chungwa na ya kijivu ni za mota. Bluu ni chanya ya taa zote, nyeupe ni taa ya mbele, njano ya nyuma.

Dikoda yangu ya kwanza ilikufa ndani ya sekunde mbili. Kichwa kilikuwa cha zamani, na kaboni moja ya mota (brashi inayopeleka umeme ndani yake) iligusa chasisi kupitia skrubu, chasisi nayo inabeba umeme wa reli. Niliona moshi mwembamba, nikasikia harufu ya plastiki, basi. Tangu siku hiyo sifungi kitu kabla ya kupima kwa mita: kati ya kila mguu wa mota na kila gurudumu pasiwe na njia ya umeme hata kidogo. Ikiwepo, tenga kaboni ile kwanza. Kila kiungo unacholehemu kivishe kimrija kinachonywea kikipata joto. Tepu nyeusi hulegea na gundi yake huchafua gia.

Ukiweza, ongeza kapasita ya akiba, inayotunza umeme kidogo kwa pale reli inapokatika, hasa kwa vichwa vifupi vya magurudumu sita ambavyo huzimika kwenye njia panda za reli. Hakikisha tu dikoda uliyochagua inaikubali.

Bodi ikiwa bado wazi, weka kichwa kwenye reli ya kupangia, ambako umeme ni mdogo na shoti haitaunguza kitu kwa urahisi. Soma CV 1, ambayo ni anwani ya kichwa. Dikoda mpya hujibu 3. Ikijibu hivyo, funga bodi.